Karatasi ya Njugu

Njugu za shilingi ishirini, pale Ngara,
nikingoja mvua ipungue.
Mama muuzaji kakunja karatasi pembe,
kamimina, kakung'uta, kanipa.
Nikala. Chumvi ilikuwa ya kutosha.

Zilipobaki tatu ndipo nikaiona
picha ya pasipoti, imefifia kwa mafuta:
Zabibu.
Zabibu wetu wa ghorofa ya nne, Kilimani,
anayekunja leso yake mara nne kabla taa hazijawashwa,
anayesema "basi" kwa sauti ya kawaida
na mara nyingine husikika.

Chini ya picha, jina.
Si Zabibu.
Nambari ya kitambulisho. Kata aliyozaliwa.
Simu ya mama yake, wa kupigiwa dharura ikitokea.
Majibu ya vipimo vya mwezi wa tatu,
na mhuri wa kliniki, mwekundu, umelowa,
rangi yake imeshika njugu
ambayo tayari nimeitafuna.

Mwaka jana tulikaa sita juu ya masanduku ya taa
tukaandika masharti yetu nyuma ya risiti ya stima:
mlango wenye komeo;
neno "basi" likitoka, kamera ilale;
vipimo vionwe na daktari, visisomwe sebuleni kama matokeo ya mtihani;
na majina yetu, yale ya nyanya zetu,
yafungiwe kabatini, ufunguo mmoja.
Bosi Gathuo alisoma hadi mwisho, hilo nampa,
kisha akacheka mpaka akavua miwani:
"Nyinyi! Nyinyi mnaoonyesha kila kitu,
mmebaki na nini cha kufichwa?"

Tulinyamaza. Jibu lilinijia usiku, nikiosha sufuria:
aliyekuuzia maziwa
hakukuuzia ng'ombe,
wala boma, wala njia ya kwenda kwao.

Sasa Gathuo amehama, kodi ilimshinda.
Kabati likauzwa, na yaliyokuwemo
yakapimwa kwa kilo.

"Mama, karatasi kama hii unazo nyingine?"
"Ninazo. Ngumu hizi, hazipasuki."
"Niuzie."
"Karatasi siuzi. Nauza njugu."
Basi nikanunua njugu. Pembe thelathini na moja,
shilingi mia sita na ishirini, nauli ikiwa ndani.
"Una watoto wengi," akasema.
Nikasema, wengi.

Kituo cha polisi ki karibu, ng'ambo tu ya barabara.
Nilikitazama. Afande angechukua kalamu,
swali la kwanza lingekuwa kazi yangu,
la pili bei.
Nikapita, kwa miguu, hadi Roysambu.

Nilimimina njugu kwenye beseni la kufulia.
Nilijaribu kutosoma. Lakini jicho
halina komeo.
Mmoja alizaliwa mwaka mmoja na mdogo wangu.
Mmoja, mahali pa dharura, ameandika: hakuna.
Jikoni zilikataa kushika, kisha zikashika zote pamoja,
moshi ukanuka mafuta na wino.
Yangu haikuwemo.
Nilihesabu tena majivu, kana kwamba majivu huhesabika.
Thelathini na moja, na yangu haikuwemo.
Iko mahali. Imebeba njugu za mtu.
Labda mtu huyo ananijua.

Alhamisi, mahali papya, bosi mpya,
kabla ya kuuliza malipo niliuliza kabati.
Akaniambia, tutaona. Nikakaa na koti langu mwilini
mpaka akatuma kijana akanunue kufuli.

Zabibu alicheka: "Njugu zote hizi! Kwani kuna nini?"
Nitamwambia. Ni haki yake kujua
kwamba mlango wake ulikuwa wazi.
Ila kwamba niliingia, hilo sijui nitalisemaje.
"Kula, Zabibu," nikasema,
nikilibeba jina hilo taratibu, kama maji ya moto,
na lile lingine limekaa chini ya ulimi
kama punje ya chumvi.
Nangoja liyeyuke.